Kompyuta Iliyovishwa Shali

Aliyeleta maneno ni Spès, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Kanombe, Kigali. Alikuja kuomba chumvi, akaondoka bila chumvi, maneno akaniachia. Alisema kompyuta ya zamani ikifutwa ndani na kuwekewa mfumo mpya, lile jicho dogo lililo juu ya kioo hufunguka lenyewe. Linaangalia nyumba nzima, na watu wa nchi za mbali wanakaa wanatazama kama sinema. Mama mmoja wa Gisozi, alisema, alionekana na shimizi tu, amebeba karai la nguo.

"Shimizi ya rangi gani?" nikamuuliza.

"Ya pinki," akajibu palepale.

Mtu akijua mpaka rangi, utasemaje kwamba anadanganya? Nilijitahidi kuyatoa kichwani yale maneno. Nikipika, naona shimizi ya pinki. Nikisali, naona shimizi ya pinki.

Nawaandikia akina mama wenzangu, hasa sisi tuliokulia Tanzania. Mimi niliishia darasa la saba kule Ngara, kwa hiyo sitaandika mambo makubwa, nitaandika yaliyonipata. Sisi tunajijua. Tukinunua kitu kizuri, tunakitafutia kitambaa kabla ya kukitafutia mahali pa kukaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Rimoti iko ndani ya nailoni yake mpaka leo. Naandika ili mjue kitambaa kinaweza kukuponza. Tena naandika kwa sababu kuna maneno mengine yanazunguka sasa, yananihusu mimi, na kabla hamjafika mbali nataka mjue: nilikuwa nimevaa.

Binti yangu Kaliza alimaliza chuo, akakaa nyumbani mpaka majirani wakaacha kuuliza kama amepata kazi. Wakiuliza inauma, wakiacha kuuliza inauma zaidi. Ndipo kampuni moja ikamwandikia. Walikuwa wanatafuta mtu wa kukaa Kigali na kupokea simu za wateja walioko Tanzania, kwa Kiswahili. Kiswahili! Hicho nilimnyonyesha mimi, pamoja na maziwa. Usaili ungekuwa Jumatatu asubuhi, kwa kompyuta, huku wanamwona. Simu hawakuitaka, kwa kuwa kulikuwa na mtihani wa kuandika. Na walisisitiza awe peke yake chumbani.

Kompyuta tulikuwa nayo moja, aliyotuachia kaka yangu Karangwa alipostaafu. Nayo ilikuwa imestaafu kama yeye. Betri ilikufa siku nyingi, inaishi kwa waya wa ukutani tu, na ndani yake kuna feni inayokohoa. Kaliza alipojaribu kuweka ile programu ya usaili, kompyuta ikakataa, ikasema mfumo wake ni wa zamani mno. Akaenda kuazima kompyuta kwa rafiki zake, lakini wenye kompyuta ni watu wenye kazi, na Jumatatu wanakuwa kazini nazo.

"Nitaipiga windo mwenyewe," Kaliza akasema. Hivyo ndivyo wanavyoita kuufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya. Akahifadhi picha zetu na vyeti vyake kwanza, akaleta flashi yenye mfumo mpya kutoka kwa fundi mmoja wa Gisimenti, akaichomeka.

"Mama, usiiguse. Itajizima na kujiwasha yenyewe, ni kawaida yake. Naenda kununua mkaa."

Nikabaki na kompyuta sebuleni. Ilikuwa inazungusha vidoti vyake, na juu ya vidoti, lile jicho. Nikasogea kushoto, naona linaniangalia. Nikasogea kulia, linaniangalia. Nilikuwa na kanga ya nyumbani, nywele sijafunga. Nikachukua kitambaa cha kufuma cha televisheni, nikaifunika. Lakini kitambaa cha kufuma kina matundu, na jicho linataka tundu moja tu. Nikatoa kwenye sanduku shali ya sufu niliyombebea Kaliza alipozaliwa, nikaiweka juu yake. Hapo nikatulia. Ikapita ndege, na nyie mnajua ndege za Kanombe, uwanja wao uko hapo tu, meza ikatetemeka. Nikasema jamani, kitu cha watu kitaanguka. Nikaiwekea mto chini.

Ilikuwa imelala vizuri kuliko mimi.

Nilipomsikia Kaliza langoni nilitoa shali, kitambaa na mto haraka haraka, maana nilijua angenicheka. Akaingia. Kioo cheusi. Imezima katikati ya kazi.

"Umeigusa?"

"Sijaigusa hata kwa kidole," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Akaanza upya. Akatoka kwenda kumpigia simu fundi. Nikaifunika tena. Ikafa tena.

Kesho yake tukapanda mpaka Gisimenti, kwa yule fundi. Anaitwa Kubwimana, ni Mrundi, kijana mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Duka lake limebanwa katikati ya saluni na mahali pa kuchoma mishikaki, kwa hiyo kila anachokutengenezea kinarudi nyumbani kinanukia mbuzi. Alituangalia kama daktari anavyoangalia wagonjwa waliochelewa.

"Iko na shida ya flashi," akasema.

"Flashi si umetupa wewe?" Kaliza akamwuliza.

"Ndiyo. Lakini ilipotoka hapa ilikuwa nzima."

Akaweka flashi nyingine. Akafungua tumbo la kompyuta, akabadilisha kipande akakiita memori, akafunga. Tulikaa pale tukinusa nyama tusiyoila mpaka mchana. Na mfumo ukaingia wote, mpaka mwisho, ukatusalimu kwa maandishi makubwa. Kaliza alimshika yule fundi mkono kwa mikono miwili.

"Kuna vitu vidogo itajimalizia yenyewe nyumbani, kwa intaneti," Kubwimana akasema. "Mziache tu ziendelee."

Tulipofika nyumbani Kaliza akaiwasha, akaenda kuoga. Nikatafakari. Je, hivyo vitu vidogo si ndivyo vinavyofungua jicho? Nikaleta mto. Nikaleta kitambaa. Nikaleta shali.

Spès akaingia wakati huo. Nikamweleza shida yetu, akasema dawa ni kuiombea. Tukapiga magoti. Spès akapitisha mkono chini ya shali kuiwekea mikono, akashtuka.

"Yewe, Mama Kaliza! Inawaka moto!"

"Moto?"

"Upako umeshuka! Shika uone!"

Nikashika. Kweli, ilikuwa ya moto kama sufuria. Tukaongeza maombi. Tulipofika "amina", ikazima.

Kaliza alipoiwasha haikufika popote. Kioo kikawa cha buluu, kikaandika maneno meupe, na juu ya maneno kikachora uso ulionuna. Nimeona watu wengi wakininunia katika maisha yangu, lakini kompyuta ilikuwa ya kwanza.

Kaliza akampigia Kubwimana, akaweka sauti kubwa.

"Kwangu iko inakubali, kwenu iko inakataa," akasema fundi. "Kwenu kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

"Mko Kanombe, si ndiyo? Basi ni ndege. Ndege ikishuka inavuta umeme."

"Inavuta umeme wa nani? Taa mbona haziyumbi?"

"Mama, taa na kompyuta si ukoo mmoja. Nitakuja mwenyewe kesho, umuganda ukiisha."

Kaliza hakula chakula jioni ile. Alikaa na ile barua ya usaili kwenye simu yake, anaisoma kana kwamba yaliyoandikwa yangebadilika.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, asubuhi watu wote tuko kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tunazibua mtaro. Mchana Kubwimana akafika na tope lake la umuganda kwenye mabuti, akayavua mlangoni. Akaanza kazi. Ikawa inakwenda, vidoti vinazunguka, naye ananieleza jinsi alivyowahi kufufua kompyuta iliyomwagikiwa uji. Kaliza akaenda dukani kumletea Fanta. Simu ya fundi ikalia, akatoka uani kuongea.

Tukabaki mimi na Spès, maana Spès hawezi kukosa kitu kama hicho.

"Jicho limewaka," Spès akaninong'oneza. "Naona kitaa."

"Kiko wapi?"

"Kile pale! Funika, sha! Funika, mimi sijavaa vizuri!"

Nikafanya kama nilivyozoea, tena safari hii Spès akanisaidia kukunja pembe za shali zisining'inie. Tukarudi kwenye kochi, tukakaa kama wageni.

Kubwimana akaingia. Akasimama. Akatazama kile kitu mezani, kimelala juu ya mto, kimefunikwa shali nyeupe mpaka chini.

"Mama," akasema polepole, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Inapumzika."

Akasogea. Akatoa shali. Akatoa kitambaa. Akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa upesi, akakipuliza. Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Akaiinua, akaonyesha chini yake kuna matundu madogo madogo, na pembeni mengine.

"Hapa ndipo inapumulia. Chini umeiziba na mto, juu umeiziba na blangeti. Ikiona inaungua inajizima ili isife. Hii ya leo ni ya kwanza au mlikuwa mnaifunika kila mara?"

Nikaanza kuikunja shali. Spès, ambaye hakosi jibu, akawa anaangalia kalenda ukutani.

"Na mimi nimebadilisha flashi!" fundi akaanza kupanda sauti. "Nimebadilisha memori! Nimesingizia ndege, ndege za watu, hazijanikosea!"

Nikageuka, Kaliza yuko mlangoni na chupa ya Fanta. Sijui alisimama pale tangu lini. Angenipigia kelele ningejitetea, maana najua kujitetea. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, Jumatatu ni keshokutwa," akaweka Fanta mezani, akaenda chumbani.

Nilichukua mfuniko wa ndoo, ule wa plastiki ninaopepea nao mkaa. Nikamwambia Kubwimana aanze upya. Akaiweka kompyuta juu ya waya wa kuchomea samaki ili hewa ipite chini, na mimi nikapepea. Mkono huu umewasha mkaa uliolowa mvua msimu baada ya msimu, haukuchoka. Nilipepea mpaka mfumo ukaingia wote, mpaka vile vitu vidogo vikamalizika, mpaka programu ya usaili ikafunguka. Hata jicho likiwa linaniangalia, nililiacha liangalie.

"Ila feni ya ndani imezeeka," Kubwimana akasema akivaa mabuti. "Kuipata nyingine ni wiki ijayo. Jumatatu msiiache ipate joto."

Jumapili Kaliza akaijaribu ile programu, kwa picha na sauti kama siku yenyewe. Haikuchukua muda, feni ikakohoa, kompyuta ikazima. Nikaipepea, ikakaa. Nikaacha, ikazima.

"Nitakaa sakafuni," nikamwambia. "Kushoto kwako, chini ya jicho. Hawataniona."

"Wamesema niwe peke yangu, Mama. Wakikuona watasema unaninong'onezea majibu."

"Mimi wa darasa la saba nikunong'onezee nini?"

Hakucheka. Lakini hakuwa na njia nyingine, akakubali.

Jumatatu nilishuka sakafuni na ile kanga yangu ya nyumbani ya kijani, kwa kuwa sikuwa naenda kuonekana. Kaliza alipendeza, blauzi nyeupe, nywele amezifunga nyuma, zikamtoka mbili tatu mbele. Nikasikia sauti ya dada mmoja na ya mwanaume mmoja, wote wako Dar es Salaam. Nikapepea taratibu. Kaliza akajibu maswali vizuri, Kiswahili kimenyooka, nikasikia fahari mpaka nikaongeza kasi.

"Kaliza, huko kwenu kuna upepo?" yule dada akauliza. "Naona nywele zinaruka."

"Upo kidogo."

Mguu wake ukanigusa begani. Nikapunguza. Akaandika mtihani, nikasikia vidole tu, tikitiki, na feni inakohoa, na mimi namwomba Mungu asiniletee chafya.

Halafu yule mwanaume akasema, "Sawa. Kabla ya kuendelea, tunaomba uzungushe kompyuta tukione chumba chako. Ni utaratibu wetu kwa kila mtu."

Kaliza akaishika kompyuta kwa mikono miwili. Nikamwangalia kutoka chini. Ningeweza kutambaa mpaka mlangoni kabla hajaizungusha, nikaanza hata kuinua goti. Akanionyesha kiganja, kwamba nibaki.

"Kabla sijazungusha, niseme ukweli," akasema. "Mama yangu yuko hapa chini. Hajaniambia jibu lolote. Kompyuta hii ni ya zamani, ikipata joto inazima, na yeye anaipepea."

Akaizungusha. Jicho likashuka likaja usoni kwangu. Lile lile nililolikimbia siku zote hizo. Nikasimama na mfuniko wangu wa ndoo, kanga ya kijani, kichwa wazi, mbele ya watu wa nchi nyingine, na kwa hofu nikamwambia yule binti, ambaye ningeweza kumzaa:

"Shikamoo."

"Marah… hapana! Shikamoo, mama!" akasema, akaziba mdomo. Nikamwona mabega yanamtikisika.

Mwanaume hakucheka. "Mama, unapepea nini hasa?"

"Kompyuta, baba. Mwanzo nilikuwa naifunika. Sasa naipepea."

"Ulikuwa unaifunika na nini?"

"Na shali."

Wakazima sauti yao, tukaona midomo tu inaongea. Ndugu zangu, muda ule sitauelezea. Kaliza aliangalia mikono yake, mimi niliangalia mfuniko. Niliona kazi ya mwanangu ikitoka mlangoni kwa sababu ya shimizi ya mtu wa Gisozi nisiyemjua.

Sauti ikarudi.

"Mama, kaa kwenye kiti tukuone, mikono yako tuione, uendelee kupepea," mwanaume akasema. "Na wewe Kaliza, hili ndilo swali letu la mwisho. Mimi ni mteja. Nimepiga simu nina hasira. Kompyuta yangu nimeiwekea mfumo mpya, inazima katikati. Nimeifunika vizuri kabisa. Nisaidie."

Kaliza akavuta pumzi. Akamwuliza inazima wakati gani. Akamwuliza imewekwa juu ya nini. Akamwomba aiguse aone kama ni ya moto. Akamwambia aitoe kwenye mto, aiweke mahali pagumu penye hewa, aisubiri ipoe, aache waya umechomekwa, kisha aanze upya bila kuruka hatua.

"Kwa hiyo ni kosa langu!" mwanaume akamkaripia. "Unaniita mjinga!"

"Hapana," Kaliza akasema. "Uliifunika kwa sababu unaijali. Hakuna aliyekueleza kwamba inapumua. Usijilaumu, tuko pamoja, tutaimaliza."

Alikuwa anaangalia kwenye kioo alipokuwa anayasema hayo. Tangu Jumamosi alikuwa hajaniambia hata nusu yake. Nikasahau kupepea, mpaka mguu wake ukanigusa tena chini ya meza, safari hii polepole.

Kazi aliipata. Walimwandikia wiki hiyohiyo, na kampuni ikampa kompyuta mpya kabisa, nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Iko mezani sebuleni bila kitambaa chochote. Naipita kila siku, mikono inaniwasha, naipita tu.

Kwa Kubwimana habari ilifika, na sasa mteja akiingia dukani anaulizwa kwanza, "Mama yako anaipenda hii mashine?" Na Spès, aliyeshika pembe za shali kwa mikono yake mwenyewe, amezunguka mtaani akisema mama mmoja wa Kanombe alionekana Dar es Salaam nzima na shimizi tu. Wamemwuliza ya rangi gani, amesema ya pinki. Ilikuwa kanga. Ilikuwa ya kijani. Kaliza ni shahidi.

Basi, mama mwenzangu, kompyuta ya zamani ikiwekewa mfumo mpya nyumbani kwako, epuka haya:

Usiifunike. Si kwa kitambaa, si kwa shali, si kwa nailoni.

Usiiweke juu ya mto, godoro wala kochi. Meza ikitetemeka, acha itetemeke.

Usichomoe waya kama betri imekufa, hata mvua ikianza. Ukiogopa radi, subirini siku isiyo na mawingu.

Usikubali waifute kabla picha na vyeti havijahifadhiwa mahali pengine.

Usichomoe flashi kwa sababu imekaa muda mrefu.

Usingoje siku ya mwisho ndiyo muianze.

Usimwambie fundi "hakuna kitu" akikuuliza kwenu kuna nini.

Ukiogopa jicho, bandika kipande cha plasta juu yake. Kinatosha. Usisahau kukitoa siku ya usaili.

Usiiombee ukiwa umeiziba pumzi.

Usimpe Spès chumvi.